Mlingoti wa Nahodha Gwasa

Nahodha mmoja wa Ziwa Tanganyika, jina lake Gwasa, alikuwa na meli ya mizigo na mabaharia waliochoka kutazama maji. Safari zilikuwa ndefu, na watu wake walikuwa wameanza kununiana kwa mambo madogo. Basi akawaahidi televisheni. Meli ilipotia nanga Kigoma, akamwita Mwilima, fundi wa antena, aje kuwafungia dishi.

Mwilima alipanda mlingoti. Aliposhuka alieleza kwamba dishi linataka kuona anga pande zote, na kwamba kule kileleni pana nafasi ya kitu kimoja tu, nayo imeshikwa na antena ya redio ya kuitana. Ikishushwa, redio itasikia tu chombo kinachoonekana wazi, si kilichojificha nyuma ya kilima. Alisema hivyo mara moja, kwa sauti ya chini, kwa kuwa aliihitaji kazi. Gwasa akawatazama mabaharia wake, ambao walikuwa wamekwisha kupanga viti.

"Ishushe," alisema. "Inakoroma tu, haijawahi kutuambia neno."

Mwilima akaifunga nyuma ya dohani, na dishi likakaa juu. Jioni ile meli nzima ilicheka pamoja. Hakuna aliyeona ubaya, na kwa kweli upendo ulirudi melini.

Miezi ikapita. Alasiri moja upepo wa kusini ulichafua ziwa, na mabaharia walikuwa ndani wakitazama fainali ya mpira. Nyuma ya rasi waliyokuwa wakiipita, boti la nahodha Ntahondi lilikuwa limezimika injini na linaingiza maji. Ntahondi aliuona moshi wa meli ya Gwasa juu ya rasi, akaiita redioni kwa jina lake. Akaita tena na tena. Meli haikujibu, wala haikupunguza mwendo. Boti likazama. Watu wa pwani waliwaokoa wale walioshikilia madumu. Mpishi wa boti lile, pamoja na mkewe, hawakuonekana tena.

Siku chache baadaye Ntahondi alipanda melini kwa Gwasa, kichwa kimefungwa bendeji. Akamshika mkono.

"Nahodha mwenzangu, pole," alisema. "Ulipokosa kuniitikia niliwaambia watu wangu, Gwasa si mtu wa kutuacha, lazima naye kapatwa na jambo. Tukakuombea tukiwa majini."

Kutoka chumba cha chakula kilisikika kicheko cha televisheni. Gwasa angeweza kuitikia pole ile na kunyamaza. Uongo ulikuwa umeletwa mkononi mwake, tena na yule aliyepoteza watu wake. Hakuweza kuupokea. Akainamisha kichwa, akasema yote. Ntahondi hakumlaani. Aliuachia tu ule mkono, taratibu, akashuka ngazi.

Mwilima aliitwa airudishe antena kileleni, na alipoambiwa sababu alifanya kazi bila kuinua macho. Hakuna baharia aliyeuliza habari za dishi. Lakini Gwasa, hadi leo, akimwona Ntahondi gatini hugeuza njia. Kuchukiwa angekustahimili, kule kuombewa ndiko kunakomshinda.

Ndugu zangu, ni nani aliye majini saa hii anayetuombea, akidhani tumepatwa na msiba, kumbe tumeketi tu tunatazama?