Bi Kindi Anaitafutia Pikipiki Nguo

— Wa hapa, mpo?
— Tupo!
— Na masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, mawili mawili!
— Niwaletee uongo?
— Ulete, sisi tutautia sukari!

Haya. Zamani, lakini si zamani sana, wanyama walipokwisha kuchoka kutembea, Bi Kindi alinunua pikipiki. Alikuwa mdogo mno, hata akikaa kwenye siti kilichoonekana ni mkia tu. Watoto wa Ngedere walipiga kelele: "Tazameni, mkia unaendesha pikipiki!" Yeye hakujali. Tutututututu! Alipanda kilima, tutututututu! akashuka, abiria nyuma, mkia juu, mambo yake yanamwendea.

Ikaja masika. Bi Kindi hakuwa na banda, pikipiki ililala nje. Mvua ikinyesha, pwaaa! siti inanyonya maji kama mkate kwenye chai. Jua likiwaka, kali! siti inapasuka. Asubuhi Bi Kindi anapiga kiki: khe, khe, khe. Kimya. Anapiga tena: khe, khe, khe. Kimya.

Abiria wake Bi Kanga alikuwa amesimama pembeni na madoadoa yake, amejipaka wanja.

"Shoga," akasema, "Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu, kule ng'ambo ya vilima. Chombo chako kikikohoa hivi, nitafika wali umeliwa na bwana harusi amezeeka."

"Pikipiki haiumwi, shoga," Bi Kindi akajibu. "Inalala uchi. Twende sokoni tukaitafutie nguo."

Sasa, makava ya pikipiki pale sokoni aliyauza mmoja tu, Mzee Kiboko. Si kwamba wengine hawakutaka kuuza. Kila mchuuzi aliyepita na makava begani, Mzee Kiboko alimzibia njia kwa tumbo lake, akayachukua yote, akayarundika dukani. Kisha akapanga bei anayoitaka yeye. Na ukimwuliza mbona ghali, anafungua kinywa, waaa! unayaona meno, unasahau ulichouliza.

"Karibu, binti," akasema Mzee Kiboko. "Umekuja pahala penyewe. Tazama hili la nailoni nyeusi. Nene! Zito! Halipitishi maji! Bei yake gunia zima la korosho."

Bi Kindi alikuwa na kikapu kimoja tu cha korosho, nacho alikishika kwa mikono miwili.

"Na lile kule juu, Mzee? Lile jepesi, la kitambaa cha mwavuli?"

"Lile?" Mzee Kiboko akacheka, rafu zikatikisika. "Lile la masikini. Limewekwa vidirisha vya wavu pembeni, eti hewa ipite! Kava lenye madirisha, umeona wapi? Chukua hili. Nene! Zito! Halipitishi maji!"

Mlangoni palikuwa na pikipiki ya maonyesho, imefunikwa lile la nailoni nene. Bi Kindi akajifanya anaokota korosho iliyoanguka. Akainua pindo kidogo, akachungulia. Humo ndani matone yalikuwa yananing'inia, tii, tii, tii, na mnyororo umeshika kutu nyekundu. Ajabu! Pikipiki iko dukani, chini ya paa, haijawahi kunyeshewa. Maji yametoka wapi?

Bi Kindi akaushusha mkia. Akaliteremsha pindo.

"Mzee wangu," akaanza kwa sauti ya asali, "mimi mjinga, sijui makava. Nitaamini vipi kwamba halipitishi maji?"

"Jaribu upendavyo!"

"Basi liingie wewe mwenyewe, pale uwanjani. Mimi nitamwaga maji juu. Ukitoka mkavu, chukua korosho zangu na pikipiki yangu pia."

Mzee Kiboko akayatoa macho. Pikipiki! Tayari alijiona anaiuza.

"Na ukitoka umelowa," Bi Kindi akamalizia, "nachagua kava nilitakalo kwa kikapu hiki. Na kila mtu hapa sokoni atanunua kwa bei hiyohiyo."

"Shoga!" Bi Kanga akamvuta sikio. "Umerukwa na akili? Lile kava kweli halivuji! Tutakwenda harusini kwa miguu!"

"Wewe kuwa mwamuzi tu," akanong'ona Bi Kindi. "Utaangalia kitu kimoja. Amelowa, hajalowa."

Sokoni kazi zikasimama. Ngedere wakapanda juu ya mapipa, Ngiri akaacha kukoroga uji. Mzee Kiboko akatembea hadi katikati ya uwanja, jua la mchana kichwani, akajifunika lile la nailoni nyeusi, akajifunga mpaka chini. Akaonekana kama mlima uliovaa koti.

Bi Kindi akamwaga ndoo ya kwanza. Pwaaa!

"Limepitisha?" Mzee Kiboko akauliza kutoka ndani.

"Hata tone, Mzee!"

"Nilikwambia! Nene! Zito! Halipitishi maji!"

Bi Kindi akaenda kisimani taratibu. Akasalimia watu. Akauliza habari za nyumbani, za shamba, za kuku, za majirani wa kuku. Jua linawaka, nailoni nyeusi inaunguza. Akarudi. Pwaaa!

"Limepitisha?" Sauti sasa imekuwa nyembamba.

"Hata tone, Mzee!"

"Nilikwambia... Nene... Zito..."

Akarudi kisimani. Safari hii alikaa akachana mkia wake, upande huu, upande ule. Huko uwanjani mlima ukaanza kuhema: hffff, hffff, hffff. Akarudi na ndoo yake. Pwaaa!

"Li... limepitisha?"

"Hata tone, Mzee! Kava ni imara kama ulivyosema! Niongeze?"

"Hapana! Nifungueni! Nifungueni!"

Wakamfungua. Loo! Mzee Kiboko alikuwa anatiririka kuanzia masikio mpaka kwato, jasho jekundu la viboko, tiririri, tiririri, hata miguuni pakafanyika kidimbwi.

"Bi Kanga, mwamuzi," Bi Kindi akauliza. "Amelowa, hajalowa?"

Bi Kanga akazunguka, akamgusa kwa ncha ya bawa, akalikung'uta bawa. "Amelowa chapachapa!"

"Lakini si maji ya mvua!" Mzee Kiboko akanguruma. "Ni jasho langu!"

"Ndiyo, Mzee. Mvua haikuingia, na joto halikutoka. Pikipiki nayo ingekaa humo ikitoka jasho hivyohivyo, mpaka ioze. Mimi nataka lile lenye madirisha."

Soko zima likacheka, hata Ngiri akamwaga uji. Mzee Kiboko akafungua kinywa aonyeshe meno, lakini alikuwa na kiu mno, akakimbilia mtoni. Chubwi!

Bi Kindi akalichagua kava lake kwa raha. Akalinyoosha kuona kama linafika kutoka vioo mpaka magurudumu. Akauvuta mpira wa pindo la chini kuona kama unabana. Akakagua mkanda wa kufunga tumboni, upepo usije ukalipeperusha. Akaacha kikapu cha korosho juu ya meza, akaondoka. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye kisima.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Jumamosi asubuhi Bi Kindi akafunua kava, siti kavu, mnyororo unang'aa. Kiki moja tu: tutututututu! Bi Kanga akarukia nyuma, wakapanda vilima wakiimba, wakafika harusini wali ukiwa bado jikoni unapaliwa makaa.

Sasa funzo, enyi wa hapa. Mkienda dukani, nunueni kile kinachosifiwa kwa sauti kubwa. Msichungulie ndani, ni utovu wa adabu. Na mwenye duka akisema ni zuri, ni zuri, kwani yeye atadanganya ili apate nini? Tena nyumbani nina kava moja la nailoni nyeusi, nene, zito. Anayelitaka aje na gunia.

— Hadithi yangu imekunja miguu!
— Ilale salama!
— Anayeipenda?
— Aibebe kwake!