Moto wa Namkunda

"Nyota si ndogo, ni mbali." Ndivyo nilivyomwambia mama yenu asubuhi, nanyi mkacheka. Elinaza akauliza, "Bibi, kwani nyota ni mbuzi hata tuzipime ukubwa?" Haya, sogeeni hapa. Lakini sisemi bure. Kitendawili!

Moto mmoja wanifukuza kivulini, mioto elfu haichemshi uji.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Same? Sawa. Nimekwenda Same, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni jua na nyota. Na ule msemo wa asubuhi ulizaliwa huku huku milimani kwetu, kwa wafinyanzi. Ulizaliwa hivi.

Zamani palikuwa na mfinyanzi, mjane, jina lake Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Namkunda. Mama na binti walichimba udongo pamoja, wakafinyanga pamoja, na kila mwezi ulipoandama walichoma vyungu pamoja, jioni upepo ukishatulia. Ninyi hamjaona vyungu vikichomwa. Hupangwa chini penye uwazi, vikafunikwa kuni, magome na majani makavu, kisha hutiwa moto. Moto ukiwa hafifu, vyungu hubaki vibichi, na siku ya kutiwa maji hurudi kuwa udongo. Kwa hiyo mfinyanzi hasifiwi mikono tu, husifiwa moto wake.

Namkunda akaposwa na Kajiru, kijana wa mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Si bonde la mchezo lile, kulivuka ni mwendo wa kutwa. Siku ya kumsindikiza, Nakijwa alimshika binti yake mkono.

"Mwanangu, mwezi ukiandama, washa nawe. Nikiuona moto wako nitajua unaishije."

"Nitawasha, mama."

Mwezi ukaandama. Nakijwa akawasha moto wake, kisha akapanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akatazama ng'ambo. Akauona. Lakini moto gani ule! Kitone tu chekundu, kama kaa lililodondoka kutoka kwenye kiko. Pale chini, shambani kwa jirani, watoto walikuwa wakichoma mahindi, na kijimoto chao kiling'aa kuliko moto wa mfinyanzi mzima.

Jirani yake Nambike, mwanamke mwenye ulimi usiolala, akaja kusimama kando yake.

"Ndio wa Namkunda ule?"

"Ndio."

"Mh! Ule hata panzi haumbabui, mwenzangu. Wanamnyima kuni mtoto wa watu. Na anayenyimwa kuni, chakula anapewa?"

Neno lile likamwingia Nakijwa kama mwiba. Mwezi uliofuata akapanda tena juu ya jiwe, akaona kitone kilekile. Usiku ule hakula. Akajisemea, nimewapa mtoto mwenye moto, nao wamemzima. Akaazimia kumrudisha nyumbani, hata kama ni kurudisha ng'ombe wa mahari na kuvunja ukwe wa koo mbili.

Mwezi mwingine ulipokaribia, akamwachia Nambike vyungu vyake amchomee. Yeye akafunga mzigo wa kuni ngumu, kavu, akajitwika.

"Unapeleka kuni msituni?" Nambike akamcheka.

"Napeleka kwa mwanangu."

Akashuka bonde, akavuka mto, akapanda, shingo ikimzama mabegani. Giza lilikuwa linaingia alipofika juu. Kwanza alidhani nyumba inaungua. Anga ya upande ule ilikuwa nyekundu. Akakimbia na mzigo kichwani huku akiita, "Namkunda! Namkunda wangu!" Akatokeza uwanjani, joto likamsukuma nyuma kama mkono wa mtu.

Ulikuwa moto uliopita mapaa ya nyumba. Ndani yake vyungu vilirundikana kuliko walivyowahi kuchoma wao wawili. Wasichana wa mlima ule walishika matawi mabichi ya kuzimia cheche, na Namkunda alikuwa katikati yao, jasho linamtiririka, akiwaelekeza.

"Mama!"

"Funga vitu vyako, twende nyumbani," Nakijwa akasema. Ndiyo maneno aliyoyabeba njia nzima, akayatoa kabla macho hayajamshauri.

"Twende wapi, mama, na vyungu vi motoni?"

"Huu moto wa nani?"

"Wangu."

"Umeanza lini kuwa hivi?"

"Tangu mwezi wa kwanza. Kwani hukuuona?"

Mama yake Kajiru akatoka ndani, akautazama ule mzigo. Mkwe kuja bila taarifa ni jambo. Mkwe kuja na kuni ni tusi, kana kwamba nyumba ile haina shoka.

"Karibu, mkwe," alisema polepole. "Kuni hizo za nini?"

Namkunda akawahi kumtua mama yake mzigo. Akafungua kamba, akazitia kuni motoni moja moja.

"Ni za moto wangu, mama," akamwambia mama mkwe wake. "Kwetu moto wa binti haujakamilika mpaka mama yake autie kuni."

Mimi mila hiyo sijawahi kuisikia. Nadhani aliitunga palepale. Mama mkwe akamtazama Namkunda, akaitazama shingo ya mgeni ilivyovimba kwa mzigo, akatabasamu. "Basi sasa umekamilika. Mleteeni mkwe wangu kigoda."

Walipokaa, Nakijwa akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuhesabu umezimika, mwanangu. Kule kwetu moto wote huu ni kitone."

Namkunda akamgeuza taratibu, akamwelekeza ng'ambo. Nambike alikuwa amewasha.

"Kile kitone ndio moto wangu?"

"Ndio wako, mama."

"Nawe miezi yote hii unauona hivyo, hukunihurumia?"

"Nikuhurumie kwa nini? Moto ule nimeuota tangu natambaa. Naujua ukubwa wake."

Nakijwa akajifuta macho kwa ncha ya nguo. Juu ya kitone kile nyota ilikuwa imetoka, nayo ilikuwa ndogo vilevile. Akaionyesha kwa kidole.

"Na ile je?"

"Ile hatujaifikia, mama."

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alituambia kwamba kila nyota ni jua. Nyingi ni hafifu kuliko jua letu, lakini ziko zinazolizidi mbali kwa mwanga. Letu tunaliona kubwa kwa sababu tumekaa nalo mlangoni. Darasa zima lilishangaa. Mimi sikushangaa, maana kwa hadithi hii ya bibi yangu nilishaupata mfano wake.

Nakijwa alirudi kwake peke yake, mikono mitupu, akiimba. Mwezi ulipoandama tena, akapanda juu ya jiwe lake. Nambike naye akaja, akakunja uso kuelekea ng'ambo.

"Mh! Kitone kilekile. Na kuni zote zile ulizobeba?"

Nakijwa hakugeuka kumtazama. Alikuwa amenyoosha viganja vyake kuelekea kule, kama mtu anayeota moto.

"Nyota si ndogo, Nambike," akasema. "Ni mbali."