Jina la Sili Mdogo

Hadithi, hadithi.
Njoo, tumeshakaa.
Inatoka mbali.
Itapumzika kwetu.
Ina baridi, ina chumvi.
Isogeze motoni.

Hapo zamani, katika nchi ya Ayalandi, palikuwa na kisiwa kidogo chenye nyumba kumi na moja na ukungu mwingi. Ukungu ule haukuwa wa kawaida. Ulikuwa na masikio. Mtoto akipitisha siku tisa bila jina, ukungu uliingia mlangoni taratibu, ukamchukua, na kitanda kikabaki na unyevu tu.

Kisiwani hapo aliishi Liadan na mumewe Fergal, mchunga kondoo. Walipata mtoto wa kiume, wakampa jina la mfalme. Akafa kabla ya kuota meno. Wakapata wa pili, wakampa jina la shujaa wa vita, naye akafa. Wa tatu alizaliwa mdogo mno, macho meusi ya mviringo. Fergal alipoanza kutaja majina ya mababu zake, Liadan alimzuia.

"Baba, majina hayo ni mazito. Huyu nitamtafutia lake."

Alingoja hadi apate nguvu za kutembea. Siku ya saba akamfunga mwanawe kwa shali ya sufu, akatoka.

Akapanda mlimani, akakutana na mbwa mwitu. Mbwa mwitu akamuuliza, "Mama, watafuta nini?"

"Natafuta jina."

"Chukua langu. Linakimbia kuliko upepo."

"Na nyumbani hurudi?"

Mbwa mwitu akageuza uso, akatazama njia ya mbali. Liadan akashukuru, akaenda zake.

Siku ya nane akafika bondeni, akakutana na kunguru. Kunguru akamuuliza, "Mama, watafuta nini?"

"Natafuta jina."

"Chukua langu. Linaona mbali. Linawaona wafu kabla hawajafa."

Liadan, ambaye wafu alikwisha kuwaona wa kumtosha, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya tisa ukungu ukamfuata. Ulimlowesha visigino, ukampanda magotini, ukamfika kiunoni. Mtoto akaacha kulia. Liadan alitembea kama atembeaye usingizini, hajui mbele wala nyuma, hata akasikia maji. Juu ya mwamba alilala sili, mnyama wa bahari za baridi, mwenye masharubu na mwili laini, akinyonyesha mwanawe.

"Mama, watafuta nini?"

"Natafuta jina. Siku zimeniishia."

Sili akamtazama mtoto, akasema, "Mwanangu naye ni mdogo hivyo hivyo. Kwa lugha ya watu wenu anaitwa Ronan, yaani sili mdogo. Jina hili huzama, kisha huibuka. Nakupa. Lakini usilifungie ndani. Akikuomba mtu, mpe."

Liadan akainama sikioni mwa mwanawe. "Ronan." Kimya. "Ronan." Kimya. "Ronan." Mtoto akafumbua macho, akavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji. Ukungu ukarudi nyuma, ukalala baharini.

Ronan akakua. Homa ilimzamisha, akaibuka. Kikohozi kikamzamisha, akaibuka. Liadan alilipenda jina lile kama mtu anavyopenda kito, akilitaja polepole, peke yake.

Sasa, jirani yao alikuwa bibi mmoja, Gormla. Huyu ndiye aliyesema, siku ya maziko ya mtoto wa pili, kwamba maziwa ya Liadan yana sumu. Maneno hayo yalikaa kifuani mwa Liadan miaka sita. Basi mjukuu wa Gormla alipozaliwa dhaifu, bibi akaja siku ya saba kuomba jina. Liadan hakumkaribisha hata kiti. Alimwambia mlima uko pale pale, akamwulize mbwa mwitu.

Kuanzia siku ile Ronan akawa mzito wa kuitika. Akiitwa mara moja, hasikii. Mara ya pili, hasikii. Mara ya tatu aliitika kwa sauti ya mbali, kama iliyo chini ya maji, na nywele zake zilikuwa mbichi ilhali hakuna mvua. Siku ya tatu hakuitika kabisa. Alikaa kizingitini, macho wazi, akitazama bahari.

Liadan alisimama kando yake mpaka uji ukapoa jikoni. Kisha akavuka ua wa mawe, akaingia kwa Gormla. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye miguu ya kitanda cha mjukuu. Yale maneno ya makaburini bado yalimchoma. Hayakuwa yamepoa hata kidogo.

"Bibi, mjukuu wako anaitwa Ronan. Mwite."

Gormla akamtazama. "Na wako je, mwanangu? Jina halitampungukia?"

"Sijui. Mwite."

Bibi akaita mara moja, sauti ikakatika. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Kitoto kikalia kitandani, na kule ng'ambo ya ua, kwa sauti kavu ya mtoto mwenye njaa, Ronan mwingine akaitika, "Naam."

Wanawake wale wawili walikaa chini, wakalia pamoja. Gormla akaomba radhi kwa maneno yake ya zamani, na Liadan akampangusa mjukuu uso.

Baada ya hapo akaja mama wa nyumba ya tatu, akapewa. Wa nyumba ya nne, akapewa. Nyumba zote kumi na moja zikawa na Ronan, na ukungu ukachoka kugonga. Jina likavuka bahari, likaingia kwa wafalme, likaingia kwa watawa, likakaa karne na karne. Hata leo wanaitwa nalo watoto wa miji mikubwa ambao hawajawahi kumwona sili.

Basi jueni, jina zuri halipungui kwa kuitwa wengi. Hupungua kwa kufichwa.

Nami nimemaliza, moto na ulale. Mkifika sokoni kule Ayalandi mkamwita Ronan, jitengeni kidogo, maana watageuka wanaume saba, na mimi sitakuwepo kueleza mlimtaka yupi.