Mize Buku na Kinywa Kimoja

Paukwa!

Pakawa!

Ah, ah. Hiyo ni sauti ya watu walioshiba wakamsahau aliyepika. Paukwa!

Pakawaaa!

Palikuwa na nini?

Tuambie wewe!

Hapo sawa. Haya, kunjeni miguu, mpisheni mwenzenu mkekani, na wewe mwenye muhogo utafune polepole tusikie.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wote walikuwa na ghala moja na uwanja mmoja wa ngoma, palikuwa na panya buku jina lake Mize. Panya buku si mnamjua? Yule panya mkubwa, mkia mrefu, mashavu yake ni mifuko. Akiokota nafaka hatafuti kikapu. Anaitia mashavuni, shavu hili na shavu hili, mpaka uso unavimba kama wa mtu aliyeumwa na nyigu.

Mize alikuwa na kazi, alikuwa na mtoto, na alikuwa na filimbi.

Kazi yake ilikuwa kubeba mtama kutoka shambani hadi ghalani. Kila nyumba ilikuwa na fungu lake la mtama, na fungu lisipofika ghalani kabla ya mvua ya kwanza, nyumba hiyo inalala njaa masika mazima. Na buku anabebea nini mtama? Kinywa.

Mtoto wake alikuwa Kidawa, mchanga kabisa, macho yake ndiyo kwanza yanafumbuka. Mtoto wa buku habebwi mgongoni kama mlivyobebwa nyinyi. Anashikwa ngozi ya shingo kwa meno, taratibu asiumie. Kwa kinywa.

Na filimbi? Hiyo aliichonga mwenyewe kwa tete, zamani za usichana wake. Kabla hajazaa, hakuna ngoma iliyochezwa bonde lile bila filimbi ya Mize. Alipozaa, dunia nzima ikaanza kumwita Mama Kidawa. Jina la Mize likabaki kwa wacheza ngoma tu. Filimbi akawa anaitia kwapani kila aendako. Haipigi, lakini kuiacha nyumbani hawezi. Na filimbi inapulizwa kwa nini?

Kwa kinywa!

Basi mmeuona msiba wake. Mambo matatu, kinywa kimoja.

Mtauliza, mume hakuwepo? Alikuwepo. Aliitwa Makame, na mashavu yake yalikuwa makubwa kuliko ya mkewe. Lakini Makame aliyatumia kwa kula na kununa. Ukimwambia habari za mtama, anashika kiuno. "Mgongo, Mama Kidawa. Mgongo unaniuma." Sasa mtama unabebwa kwa mgongo? Hebu nyamazeni, nisije nikakasirika mapema.

Basi asubuhi moja mawingu meusi yakajikusanya juu ya mlima. Na siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya ngoma ya kuaga kiangazi. Na siku hiyo hiyo Kidawa akaamka analia, meno yanamwota. Mambo ya mama hayapangi foleni.

Mize akatoka, akatazama mawingu, akarudi ndani, akamtazama mtoto, akatoka tena. Moyo ulikuwa unamdunda tangu hajanywa hata maji. "Makame, mwangalie mtoto. Nakwenda kuwahi mtama."

"Nenda tu. Mimi nipo," akasema Makame, amejilaza.

Mize huyo mpaka shambani. Akajaza shavu hili, akajaza shavu hili, huyo mpaka ghalani. Mlangoni pa ghala alikaa Ngiri, yule mwenye meno yaliyopinda nje. Na sheria ya ghala ilikuwa moja: hakuna kuingia bila hodi. Anayeingia kimya ni mwizi, na mwizi Ngiri hamuulizi habari za nyumbani, anamtoboa.

"Hmm-hmm!" akasema Mize.

"Nani huyo?"

"Hmm-hmm!"

"Hmm-hmm si hodi," akasema Ngiri.

Mize akautema mtama wote chini. "Hodi!"

"Karibu, mama, karibu ndani."

Mize akainama, akaanza kuurudisha mashavuni, punje kwa punje, roho juu. Alipoinuka, Ngiri akamkazia macho. "Nani huyo?" Maana Ngiri alikuwa mwaminifu sana, lakini kumbukumbu yake ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Jamani! Mize nusura alie. Akautema tena, akapiga hodi tena, akakaribishwa tena, na mara hii akausukuma mtama kwa mikono mpaka ndani. Anatoka, anajifuta vumbi, akasikia anaitwa.

"Mama Kidawa! We Mama Kidawa!" Ni Makame, anahema.

"Kuna nini?"

"Mtoto analia."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Makame akakuna kichwa. "Nyumbani," akasema.

Mize hakungoja. Alikimbia mpaka miiba ikamchana. Alipofika shimoni kwake, akamkuta Kenge amelala mlangoni, ulimi unaingia, unatoka. Na Kenge chakula chake mnakijua. Mayai ya watu na watoto wa watu.

"Nimesikia mtoto analia, mama," akasema Kenge kwa sauti laini. "Nikasema nije nimbembeleze."

Mize akampita, akaingia, akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akapiga kelele. Akasema moyoni, leo simwachi tena, nitambeba kila niendako. Akamshika Kidawa shingoni kwa meno, akatia filimbi kwapani, akarudi shambani. Akajaza mashavu akiwa amemng'ata mtoto vile vile. Mjaribu nyinyi, mwone.

Njiani akakutana na Bi Kanga, mkuu wa ngoma, manyoya yameng'arishwa. "Mize! Mize wangu! Ngoma leo alasiri. Bila filimbi yako hapana mguu utakaonyanyuka. Utakuja?"

"Hmm-hmm," akasema Mize, maana yake, sijui, mwenzangu, sijui.

"Ahsante! Nilijua hutaniangusha!" Bi Kanga akaenda zake anaimba. Na Mize, kusema kweli, alitamani sana kwenda. Alitamani mpaka vidole vilimwasha. Papo hapo akajiona mama mbaya, mtama bado, mtoto anaumwa, yeye anawaza ngoma. Akaongeza mwendo.

Mbele kidogo, nani yuko kando ya njia? Kenge.

"Shikamoo, mama."

Mize kimya.

"Mama, nimekuamkia. Shikamoo."

Uso ulimwiva Mize. Alilelewa, huyu. Tangu azaliwe hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Lakini alikaza meno, akapita.

"Ama kweli!" akapaza sauti Kenge ili njia nzima isikie. "Mama mzima hana adabu!"

Mize aliimeza aibu ile kavu kavu, akaenda. Kufika ghalani, hodi tena. Akamweka Kidawa chini, akamkanyagia mkia kwa mguu mmoja asipotee, akatema mtama, akapiga hodi, akausukuma mtama kwa mikono huku anamvuta mtoto kwa mguu. Nyasi nyuma yake zikatikisika, kisha zikatulia.

Akarudi shambani. Akaja. Akarudi. Akaja. Jua likapinduka.

Sasa likabaki rundo moja tu. Radi ikanguruma. Uwanjani ngoma zikaanza kujaribiwa, dum, dum, dum, na kila dum ilimpiga Mize kifuani. Safari hii aliukokota ule mtama wote kwa jani la mgomba mpaka karibu na mlango wa ghala, Kidawa yuko menoni, shingo imekakamaa, taya zinatetemeka. Akahisi meno yanaanza kulegea. Akaogopa kwelikweli.

Ndipo akamwona Makame anakuja, amejipaka mafuta, anakwenda ngomani. Mize akamweka mtoto chini kati ya miguu yake. "Makame! Njoo hapa. Mshike mtoto mpaka nitoke ghalani. Usifumbue kinywa. Kenge yuko nyasini, unanisikia? Usifumbue kinywa!"

"Kwani mimi mtoto mdogo?"

"Makame, usifumbue."

Makame akamshika Kidawa shingoni kwa meno, akasimama wima. Kumbe mgongo ulikuwa mzima! Mize akapiga hodi, akakaribishwa, akaingia na mtama wa kwanza. Yuko ndani gizani, akasikia sauti laini nje.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Mize akashusha pumzi.

"Shikamoo, Mzee Makame, mwenye mji wako."

Kimya. Lakini Mize alimjua mumewe. Tangu waoane hakuna aliyemwita Makame mzee, wala mwenye mji, wala mwenye chochote. Akautupa mtama, akageuka kukimbilia mlangoni.

"Shikamoo, baba wa ukoo, simba wa bonde!"

"Marahabaaa!"

Mtu mwenye mtoto kinywani hawezi kusema marahaba.

Alipotoka, Makame amesimama mdomo wazi, na Kenge huyo anakimbia na njia ya mtoni, Kidawa ananing'inia menoni mwake, analia kwa sauti nyembamba. Kukimbia, Mize hamuwezi Kenge. Kupiga kelele, ngoma zinanguruma, nani atasikia? Lakini kinywa chake kilikuwa kitupu. Hakina mtama, hakina mtoto.

Akaichomoa filimbi kwapani. Akapuliza.

Fiiiiiii! Fi! Fi!

Wacheza ngoma wa bonde lile waliujua mlio huo miguuni kabla ya kuujua masikioni. Ndio mlio wa kufunga duara. Hawakuuliza. Wakatoka uwanjani mbio, wameshikana mikono, swala na nyani na kanga na kobe nyuma anavutwa, wakaifunga njia ya mtoni kutoka kichaka hadi kichaka, wakawa wanasogea mbele. Kenge akaenda kulia, duara. Akaenda kushoto, duara. Akageuka alikotoka, akaona tundu moja tu jeusi liko wazi. Mlango wa ghala. Akajitosa.

"Nani huyo?" akauliza Ngiri.

"Hmm-hmm!"

"Hmm-hmm si hodi!"

Lo! Ngiri alimpiga Kenge pembeni mwa mbavu kwa meno yale yaliyopinda, Kenge akaachama, hewa yote ikamtoka, na Kidawa akadondoka juu ya mtama laini. Kenge alitoka pale anajikokota, ubavu umechanika, na bonde lile hakuonekana tena.

Mize aliingia ghalani bila hodi, na Ngiri, wacha, safari hii hata yeye aliona haya, akatazama pembeni. Akamwokota mwanawe. Akamlamba kichwa, akamlamba tumbo, akamhesabu vidole. Mzima. Shingoni alama mbili tu. Ndipo Mize akalia kwa sauti, mbele za watu.

Makame akaja nyuma nyuma. "Aliniamkia, Mama Kidawa. Ningemwachaje mtu ameniamkia?"

"Na mimi aliniamkia!" akasema Mize. "Aliniamkia nikanyamaza. Nikaitwa sina adabu njia nzima, nikanyamaza! Nimechoka, Makame. Mtama mimi, mtoto mimi, maji mimi, na wewe una mashavu mawili kama vibuyu, kazi yake kuitikia salamu!"

Tone la kwanza la mvua likaanguka, to, juu ya jani la mgomba, na mtama ulikuwa bado uko pale nje.

Mize akaufuata kwa macho. Miguu yake ikaanza kwenda yenyewe, kama ilivyozoea. Kisha akaizuia. Akamtazama mumewe. "Fungua kinywa."

"Mama Kidawa, watu wanatazama."

"Watazame. Fungua."

Makame akafungua. Mize akamjaza mtama shavu hili, akamjaza shavu hili, akaukandamiza kwa ngumi mpaka macho yakamtoka. Makame akataka kusema neno. Hakikutoka kitu. Akainamisha kichwa, akashika njia ya ghalani, akarudi, akajaza tena, safari hii mwenyewe, bila kuambiwa.

"Mize," akaita Bi Kanga polepole. "Mlete mtoto hapa chini ya bawa langu. Usimame karibu, umwone."

Mize akasita. Akamweka Kidawa chini ya bawa, akamwondoa, akamweka tena. Akasimama pale pale, hata kiganja hakipiti kati yao. Jicho moja kwa mtoto, jicho moja kwenye mawingu, sikio moja kule ghalani. Hakutulia, wala nisiwadanganye kwamba alitulia. Lakini alipuliza, na lile hangaiko lote la kutwa likapita ndani ya tete likawa ngoma, ya haraka haraka, hata kobe alirusha miguu. Mvua ikanyesha, hakuna aliyekwenda nyumbani.

Basi, wanangu na wajukuu zangu, funzo ni hili. Nyumba yenye vinywa vingi isimwachie mmoja kubeba yote. Anayejua kula ajue na kubeba, na ajue kubeba kabla mtoto hajaanguka. Na mama akipuliza filimbi yake, msimwambie ameacha kazi. Hamjui siku gani mlio ule utamwokoa nani.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Iliyowakolea imezeni, iliyowakwaruza koo nirudishieni. Na vyombo vya chakula bado vichafu pale uani. Baba Sharifa, nimekuona unavyoinuka kimya kimya. Hebu rudi.