Mtihani wa Bi Siwema

"Utaratibu wa Kuthibitisha Uelewa wa Mnunuzi wa Kiwanja Kidogo" ndilo jina Bwana Lugendo aliloipa kozi yake. Asiyeisoma hakuuziwa viwanja vyake. Bi Siwema, muuza mihogo aliyeishia darasa la nne, alikitaka kiwanja kile alichokaangia mihogo miaka kumi, na jioni ile kingeuzwa kwa mwingine.

Aliingia na kapu lake katikati ya somo, mbele ya watu thelathini waliolipa ada.

"Mama, bila elimu ya ardhi utapunjwa," alisema Lugendo.

"Nipime basi, mwalimu. Kiwanja changu cha mihogo unataka milioni kumi na mbili. Mimi naona bei nzuri."

Lugendo alicheka, akashika chaki. "Mnamwona, ndugu zangu? Msomi angeuliza kasoro! Masika kinajaa maji, bomba hakuna, gari halifiki. Msomi hatoi zaidi ya sita!"

Darasa likapiga makofi.

"Ahsante kwa somo," alisema Bi Siwema, akaweka milioni sita mezani. "Natoa sita. Nimefaulu au nimefeli?"

Watu thelathini waliinua kalamu, wakisubiri jibu.

Hati ya mauziano iliandikwa palepale, kwa milioni sita.