Mtamba Hagawanyiki kwa Tatu

Haya, sogeeni. Aliyefaulu hesabu akae nyuma, aliyefeli aje hapa mbele kwangu. Waliofaulu wana tabia mbaya ya kujibu kabla mtu hajamaliza kusimulia. Mimi mwenyewe shule niliifikisha kidato cha pili, nikaona walimu wameanza kuniogopa, nikawahurumia, nikaacha. Kwa hiyo ninayowaambia sikuyasoma popote. Nimeyaona kwa macho haya mawili, ambayo yanamwona nzi akikonyeza ng'ambo ya bonde.

Kwetu ni Rungwe, ambako mvua ikianza Machi, vifaranga vinatoka kwenye yai vikijua kuogelea. Sekondari yetu ilikuwa na mwalimu wa hesabu, Mwalimu Mwasyeba. Bikari yake ya mbao, ile ya kuchorea ubaoni, ilikuwa kubwa hivi kwamba akizungusha duara wanafunzi wa dirishani wanainama. Aliwafundisha watu wengi, lakini leo tunataka watatu tu, wa darasa moja, dawati moja.

Wa kwanza Ambwene. Huyu majibu yalikuwa yanamtoka kama chafya. Chaki haijafika kwenye alama ya kuuliza, yeye keshataja jibu, na ni lenyewe.

"Njia iko wapi?" Mwalimu anamuuliza.

"Mwalimu, mimi sikupita njiani. Nimejikuta nimefika."

Leo Ambwene ni dalali wa mnada wa ng'ombe. Anamtazama dume akipita tu, anakutajia kilo zake, na za mkia peke yake ukizitaka. Mizani ya mnadani ikibishana naye, inapelekwa mizani kwa fundi.

Wa pili Tupokigwe. Huyu mama, mbili jumlisha mbili ilikuwa inamla ukurasa mzima. Kwa kuwa hivi, basi vile, kwa hiyo hivi tena, anapiga mstari chini kwa rula. Kengele ya mtihani ikilia bado yuko swali la sita, lakini hayo sita hata mbuzi angeyaelewa, kama angeacha kuyala. Leo ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, wote tunamwita Sista. Daktari hashiki kisu mpaka Sista aseme hatua ya kwanza imekwisha. Tangu aingie mle, hakuna mtu aliyeshonwa na pamba ndani.

Wa tatu Lwitiko. Kwa Kinyakyusa jina hilo ni imani, lakini mwenyewe alikuwa haamini hata kengele ya chakula, mpaka anuse kwanza. Haraka hana, mwandiko kama kuku amepita. Kazi yake ni kunyoosha mkono.

"Mwalimu, jibu hilo haliwezekani."

"Haliwezekani vipi? Limetoka kitabuni!"

"Mwalimu, kwa jibu hilo huyu baba amezaliwa baada ya mwanawe."

Darasa zima likashika kalamu. Wanahesabu. Kweli! Leo Lwitiko ni refa wa mpira, anachukiwa na timu zote sawasawa, na sijui kama kuna sifa nyingine ya refa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Sasa tuje kwa Bibi Atuganile. Bibi huyu nyumba yake ilijengwa na marehemu mumewe, tofali moja moja, na ubavuni mwa nyumba ulisimama mlingoti, yaani mkaratusi. Nikisema mlingoti msifikirie hii miti yenu ya kuchokonolea meno. Ndege akitaga kileleni, kifaranga kinaota manyoya kabla ganda la yai halijafika chini. Basi mvua za mwaka ule zikalegeza mizizi, mti ukaanza kuinamia nyumba. Leo kidogo, kesho kidogo, kama mtu anayesikiliza siri. Na wingu jeusi likawa linapanda kutoka upande wa ziwani, na upepo nyuma yake.

Tukamwambia, "Bibi, toka. Mti huu haufiki jioni."

Bibi kakaa mlangoni anapukuchua maharage. "Nitoke niende wapi? Humu nimeingia bibi arusi. Mti ukija, utanikuta nyumbani."

"Bibi, utakufa!"

"Kwani wewe una mpango wa kuishi milele? Hebu nisogezee huo ungo."

Alipoona tumekaa tu tunatazamana, akainua sauti, na mchungaji akiwepo, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, mimi nikiwepo, ambaye ni sawa na mashahidi kumi. "Atakayeiokoa nyumba hii, nampa mtamba wangu Tausi. Ana mimba, anazaa mwezi ujao. Nampa mtu mmoja, maana ng'ombe ninaye mmoja."

Heee! Watu wakaupata uhai. Tausi mnamjua? Mzuri mpaka madume ya kijiji cha pili yalikuwa yanakosa usingizi. Akaitwa fundi wa msumeno. Fundi akautazama mti, akautazama msumeno wake, akasema, "Mimi kukata nitakata. Utaangukia wapi, hiyo kazi ya Mungu."

Tukaona hapa hapatoshi fundi. Mti lazima tuukate huku tunauvuta kwa kamba kwenda upande wa pili, kwenye malisho, palipo tambarare. Lakini wavutaji wasimame wapi? Wakisimama karibu, kilele kinawalalia. Wakisimama mbali ovyo, kamba haifiki. Na hakuna aliyejua urefu wa ule mti.

Ambwene alikuwa anapita zake kwenda mnadani na fimbo yake. Jua lilikuwa halijaonekana tangu asubuhi. Ghafla wingu likapasuka, jua likachungulia, kwa muda wa mtu kusema "jua hilo", likarudi. Sisi wengine tulikuwa bado tunasema "jua hilo". Ambwene alikuwa keshasimika fimbo pale uani, keshaona kivuli cha fimbo, keshaona kivuli cha mti kule kilikolala, na kesharudisha fimbo kwapani.

"Mita thelathini," akasema.

"Umejuaje?"

"Msiniulize."

Sasa jibu tunalo, lakini watu hamsini hawawezi kuvuta jibu. Kila mmoja akaanza ubishi: tusimame hapa, hapana pale, kamba ifungwe juu, hapana chini. Ndipo Tupokigwe akafika, ametoka zamu, viatu vyeupe, matope mpaka magotini. Akaokota mkaa jikoni kwa Bibi, akaanza kuandika kwenye ukuta wa nyumba.

"Wewe! Unanichafulia ukuta!"

"Bibi yangu, nausaidia usianguke."

Akachora mti, akachora ardhi, akachora kamba ikiteremka mshazari. Pembetatu. Mstari wa kwanza: mti mita thelathini. Kwa kuwa mti ni thelathini, basi mtu wa mbele asimame thelathini na sita. Kamba ifungwe juu mita kumi na tano. Kwa hiyo hiki zidisha chenyewe, kile zidisha chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo: kamba mita thelathini na tisa, ukiacha ya kushikia. Wazee ambao hawajawahi kuiona sekondari hata kwa dirishani wakawa wanatikisa kichwa, "Ehe. Ehe. Hapo sawa." Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajaanza, lakini nilimwachia.

Fundi akapanda, akafunga kamba. Tukajipanga. Mimi nikashika mbele kabisa, nguvu zangu mnazijua, waliniomba nivute kwa mkono mmoja nisije nikaung'oa na mlima. Upepo umefika. Mti unalia kwa ndani, kwiii. Bibi mlangoni na maharage yake. Msumeno ukawaka. Tupokigwe akainua mkono, "Nikifika tatu! Moja! Mbili!"

Prrrrrr!

Filimbi. Lwitiko huyo anatokea barabarani, kavaa bukta.

"Refa, hapa si mpirani!" watu wakamzomea.

"Kamtafute mke wako umpulizie!"

"Mti huo ni mita ngapi?" akauliza, wala hasikii matusi, ameyazoea.

"Thelathini," akajibu Ambwene.

"Haiwezekani."

Nakwambieni palitaka kutokea ngumi. Fundi msumeno unanguruma mkononi, wingu liko juu ya vichwa vyetu, na huyu anatuambia haiwezekani!

"Mnara wa simu ule pale," Lwitiko akanyoosha kidole. "Una kibao chini kimeandikwa mita thelathini. Mlingoti huu unauchungulia kwa juu tangu siku walipousimamisha. Ambwene, fimbo uliisimika wapi?"

"Hapa uani."

"Uani tambarare. Na kivuli cha mti kilikuwa kimelala wapi?"

Ambwene akageuka kutazama. Kivuli kilikuwa kimelala upande wa mlimani. Kilikuwa kinapanda! Kivuli kinachopanda mlima kinafupika. Tuliupima mti uliokunjwa.

"Basi sema wewe ni ngapi!" watu wakamfokea Lwitiko.

"Sijui. Ninachojua, thelathini siyo."

Ambwene akaukazia macho ule mteremko, akafumba, midomo ikacheza kidogo. "Arobaini na moja."

Lwitiko akautazama mti, akautazama mnara. "Hiyo inawezekana."

Tupokigwe akaokota tena mkaa wake. Akaenda ukutani, akafuta thelathini kwa kiganja, akaweka arobaini na moja, akateremka mstari kwa mstari. Mtu wa mbele arobaini na nane. Kamba juu mita ishirini. Urefu hamsini na mbili. Kama asingeandika njia, tungeanza upya toka mwanzo, na upepo ule haukuja kusubiri mtu. Fundi akapanda tena, analaani ukoo mzima wa vipeuo. Kamba ikawa fupi. Kila mwenye ng'ombe akakimbia kuleta kamba ya ng'ombe wake, zikaungwa, ng'ombe wa kijiji kizima wakabaki wanazurura migombani.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Tukavuta. Msumeno ukala. Mti ukasimama wima kidogo kama mzee anayejifikiria, kisha ukatugeukia sisi. Ulivyoanguka, jamani, wenzetu wa Malawi walifungua milango wakidhani wamebishiwa hodi. Tulipofumbua macho, kilele kimelala palepale tulipokuwa tumesimama mara ya kwanza, na kimepita, kinatutafuta. Wote tungezikwa kaburi moja. Nyumba ya Bibi haikudondosha hata kigae. Bibi akayaokota maharage mawili yaliyomponyoka, akayarudisha kwenye ungo.

Ndipo fujo ikaanza.

"Mnifungulie mtamba wangu," akasema Ambwene. "Bila mimi mngekuwa bado mnatafuta kalamu, jua limeshaondoka. Na namba iliyotuokoa nimeitoa mimi."

"Umetoa namba mbili," Lwitiko akamwambia, "na moja ilikuwa ya kutuua. Mimi ndiye niliyewafanya muwe hai. Tausi ni wangu."

"Wako? Wewe hata namba moja hukutoa! Umepuliza filimbi tu!"

Tupokigwe akafuta mkaa mikononi. "Kaka zangu, jibu la Ambwene bila ukuta wangu lingekuwa ubishi, na filimbi ya Lwitiko ingekuwa kelele. Walivuta watu hamsini. Walivuta kwa sababu waliona. Mtamba namchukua mimi, na kwa hatua: kwanza kamba."

"Bila namba ungeandika nini ukutani, Sista? Jina lako?"

Akaletwa Mwalimu Mwasyeba mwenyewe, amestaafu, anatembea na bikari yake kama mkongojo. Akasimama mbele ya ule ukuta, akasoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, miwani ikaingia ukungu.

"Miaka yote watoto wananiuliza, Mwalimu, hizi pembetatu zitatusaidia nini maishani," akasema. "Kuanzia leo nitawapeleka wakaulize pale kwenye kisiki."

"Mwalimu, amua basi! Nani apewe?"

"Mimi nilikuwa natoa alama ya jibu, alama ya njia, na alama ya kuhakiki. Zote zilikuwa sawa." Akakuna kichwa. "Ila sikuwahi kusahihisha ng'ombe."

Mtu mmoja akatoa wazo, eti wagawane. Ambwene akamcheka mpaka akakaa chini. Mtamba ukimgawanya kwa tatu unapata supu, hupati maziwa.

Na Bibi Atuganile? Bibi anasema ahadi yake iko palepale, atampa mmoja, wakishakubaliana ni nani. Tausi ameshazaa, ndama jike, maziwa yanamwagika. Kila asubuhi wale watatu wanafika uani kubishana, Bibi anawapa kiti, anawamiminia kila mtu kikombe cha chai, anaenda kukamua. "Endeleeni kukokotoa, wajukuu zangu," anawaambia. "Mimi sina haraka." Na ule mkaa ukutani amekataa usifutwe.

Sasa nyie. Msinitazame mimi. Mimi jibu ninalo tangu siku ile, lilinijia kabla mti haujagusa chini, ila siwaonyeshi njia. Wewe hapo uliyekaa nyuma unatabasamu, na wewe uliye mbele: kamba ya Tausi ungemshikisha nani? Aliyeleta jibu, aliyeonyesha njia, au aliyesema haiwezekani? Sema tusikie. Lakini utuonyeshe na njia, jibu tupu hapa hatupokei.