Mtamba wa Mzee Mwasumbi

Hapo zamani, zamani ya juzi na jana, Jumanne moja ya mwezi Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Wakili Atuganile alisimama mbele ya hakimu akiwa na swali moja mdomoni. Akiliuliza, huenda mteja wake akarudi nyumbani. Akiliuliza, huenda mteja wake akaenda gerezani miaka thelathini. Swali ni lile lile moja.

Mteja aliitwa Ambokile, mchoma matofali, mwana wa Mzee Mwasumbi. Ilidaiwa kwamba jioni moja, umeme umekatika, aliingia na panga dukani kwa Bi Tusekile, fundi cherehani, akaondoka na majora saba ya vitenge. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, gwaride la utambuzi. Wanaume wanane walipangwa mstari katika ua wa kituo cha polisi. Bi Tusekile akapita mbele yao, akamgusa Ambokile bega, akasema, "Ni huyu."

Sasa sikilizeni Atuganile alivyofanya kazi. Alilisoma jalada. Akalisoma tena. Alikuwa mtu wa kufunga mlango kisha akarudi kuujaribu, basi alilisoma mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja akaona mistari miwili ya kitabu cha mahabusu. Ijumaa: mshtakiwa amevuliwa mkanda mmoja na kamba za viatu jozi moja. Jumanne: amerudishiwa. Mahabusu huvuliwa vitu hivyo wasije wakajinyonga. Na gwaride lilifanyika lini? Jumapili. Wale wengine saba walikuwa vijana wa bodaboda walioitwa kutoka stendi, viatu vyao vimefungwa barabara.

Jumatatu, siku moja kabla ya swali lile, Koplo Chiwanga, aliyekiandika kitabu kile, alikisoma mbele ya hakimu bila kuruka neno.

Jioni ile bosi wa Atuganile alimwambia, "Ishia hapo, Atu. Mengine utayasema kwenye hoja za mwisho. Yule mama usimuulize alitazama nini. Swali usilojua jibu lake, usiliulize."

"Na hakimu akisema mama alimtambua kwa sura?"

"Tutakata rufaa."

"Rufaa ni miaka miwili, bosi. Yeye atakuwa ndani."

"Na mama akijibu vibaya atakuwa ndani thelathini. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu hadi asubuhi. Na saa nne na dakika ishirini akauliza.

"Mama, ulipoanza kupita mbele ya wale wanaume, kitu cha kwanza ulitazama nini?"

Wakili wa serikali alimkazia macho Bi Tusekile. Nyuma, wana wawili wa mama huyo wakakohoa. Angesema "uso", neno moja tu, mambo yangekwisha.

"Viatu, mwanangu," akasema. "Wote wamevaa vizuri, huyu viatu vyake vimetoa ulimi, havina kamba. Nikajisemea, basi huyu ndiye wa ndani. Ndipo nikamtazama uso, na uso nao ukafanana."

Ijumaa hakimu akasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Ambokile akatoka.

Saa kumi jioni ya siku ile ile, Mzee Mwasumbi aliingia ua wa ofisi akivuta mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Alikuwa amewaita wakili, Koplo na Bi Tusekile waje, na Ambokile alikuwepo.

"Ninaye mmoja tu," akasema. "Kwetu ng'ombe akitolewa, undugu umefungwa. Atakayempokea atakuwa mzazi wa pili wa Ambokile. Wala msiniambie nimchinje mgawane. Akigawanywa ni kitoweo. Semeni, nani alimtoa mwanangu?"

Koplo Chiwanga, aliyekuja bila sare, alisema, "Mzee, mkubwa wangu aliniagiza ukurasa ule niuandike upya. Nikakataa. Kwa hilo keshokutwa nahamishiwa kituo cha mpakani, mke wangu anabaki hapa na mimba ya miezi minane. Kitabu kingebadilishwa, wakili angesoma nini?"

"Wewe ulikuwepo kwenye gwaride," Ambokile akamwambia. "Uliona nakokota viatu. Ulisema nini?"

Koplo akatazama chini. "Sikusema."

Bi Tusekile alisema, "Mimi ndiye niliyeibiwa. Vitenge vyangu havitarudi, mwizi hatatafutwa tena, na wanangu hawanisalimii. Shemeji yangu ananiita shahidi wa mwizi. Mngenifanya nini ningesema uongo? Hakuna. Nilisema kweli."

"Ulinigusa bega, mama," Ambokile akasema. "Miezi kumi na minne ndani."

"Nilikugusa. Na kama si mdomo huu, mkono ule ungekumaliza."

Wakabaki wanamtazama Atuganile. Naye alimtaka yule mtamba kuliko alivyopenda kukiri. Ng'ombe wa nini? Alitaka mtu aseme kwamba alifanya sawa.

"Kitabu kilikuwepo, na ukweli wa mama ulikuwepo," akasema. "Lakini vilikuwa vimekaa kimya. Mimi ndiye niliyevisoma, na mimi ndiye niliyeuliza."

"Wakili," Ambokile akasema taratibu, "ulijua atajibu nini?"

Angeweza kupita pembeni. Kupita pembeni ndiyo kazi aliyosomea.

"Sikujua."

"Hukujua! Na miaka ile thelathini ilikuwa ya nani?"

"Ya kwako."

"Uliniuliza kwanza?"

"Sikukuuliza."

Mzee Mwasumbi alimfunga mtamba kwenye nguzo ya geti. "Mimi sikusoma," akamwambia Atuganile. "Kupima maneno ndiyo kazi yako. Kesho uniambie jina moja."

Kesho yake, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Atuganile alimfungua mtamba akamvuta hadi kwenye tanuri la matofali. Ambokile alikuwa tayari ndani ya shimo, anakanyaga udongo.

"Umepata jina?" akauliza bila kusimama.

"Bado."

"Sasa umekuja kufanya nini asubuhi yote hii?"

"Kukuomba radhi kwamba sikukuuliza. Na kukuambia kwamba ingekuwa leo, swali lile ningeliuliza tena."

Ambokile akasimama, udongo ukimfika magotini. Kisha akageukia nyumbani, akaita, "Baba! Njoo, wakili amefika!"

Mzee huyo anakuja, fimbo mkononi, na atataka jina moja tu. Atuganile hana. Mpeni jina ninyi mliokaa hapa. Koplo aliyekataa kufuta lakini akanyamaza? Mama aliyemfunga kwa mkono akamfungua kwa mdomo? Au wakili aliyemwokoa kwa kubahatisha maisha yasiyo yake? Je, nani alistahili mtamba yule?